Mabawa, matundu na mstari mwekundu: kwa nini hachibaki za kasi hubadilika sura

*Swali: Mtaalamu, shikamoo. Nina Golf GTI ya kizazi cha saba, nyeupe, iliyoingia kutoka Uingereza. Naipenda ilivyotulia. Wenzangu wa klabu wanasema haina sura ya gari la kasi, na fundi wa bodi hapa Mombasa yuko tayari kunitengenezea bawa la faiba, bampa yenye matundu makubwa na tundu la juu ya boneti, kisha nivae rimu za inchi 19. Nikitazama picha za zamani naona GTI za mwanzo zilikuwa kimya, halafu magari kama Civic Type R yakawa na miiba kila upande, na sasa Civic mpya imetulia tena. Ladha hii inaongozwa na nini? Na mimi nifanye nini? – Msomaji wa kike, Mombasa*

Marahaba, dada. Nianze na jibu fupi, fundi asije akakuwahi: usikate boneti, usinunue bawa, na usipande rimu za inchi 19. Sababu zake zimo ndani ya swali lako la kwanza, la nini kinaiongoza ladha, na hilo ndilo ninalotaka kulijibu kwa urefu.

Wengi huamini kwamba sura za magari huenda na kurudi tu: watu huchoka na utulivu wakataka makeke, kisha wakachoka na makeke. Ukweli upo humo, lakini ni mdogo. Karibu kila pambo unaloliona kwenye hachibaki ya kasi (gari dogo ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka pamoja na kioo) lilizaliwa likiwa na kazi. Likapendwa kwa sababu ya kazi ile, likaigwa na magari yasiyo na kazi hiyo, likajaa barabarani hadi likakosa maana, na wanunuzi wenye jicho wakaanza kulikimbia. Kinachozaa pambo jipya mara nyingi ni sheria za mbio, joto la injini, bima, au sheria za usalama. Mchoraji hupokea madai hayo yote na kuyapa sura.

Chukua GTI yenyewe. Ilianza kama kazi ya kikundi kidogo cha wahandisi wa Volkswagen waliokuwa wakiichezea Golf ya kawaida bila baraka rasmi za kampuni. Ilionyeshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuanza kuuzwa 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110 na uzito uliozidi kidogo tu kilo 800. Kampuni ilipanga kutengeneza 5,000. Kizazi kile cha kwanza peke yake kiliuzwa zaidi ya 460,000.

Bodi ya Golf ilikuwa imechorwa na Giorgetto Giugiaro, mistari iliyonyooka na vioo vikubwa, na hakuna aliyethubutu kuivuruga. Walichoongeza kilikuwa kidogo, na karibu chote kilikuwa na sababu. Kidevu cheusi chini ya bampa kilipunguza hewa inayoinua pua ya gari kwenye mwendo. Vipande vyeusi vya plastiki juu ya magurudumu vilifunika tairi zilizokuwa pana zaidi. Mapambo matupu yaliachwa kwa Gunhild Liljequist, mmoja wa wanawake wa kwanza katika idara ya ubunifu ya Volkswagen, aliyekuwa ametoka kwenye kazi ya kuchora vyombo vya kauri na maboksi ya chokoleti. Yeye ndiye aliyeweka kitambaa cha mirabaraba kwenye siti na kile kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu; grili nayo ilizungushiwa mstari mwekundu. Vitu vitatu vidogo. Gari lako, dada, limevirithi viwili waziwazi: mstari ule mwekundu unaokatiza grili hadi ndani ya taa, na kile kitambaa, kama siti zako si za ngozi.

Peugeot 205 GTI ya 1984 ilifuata njia hiyohiyo. Utepe mwekundu kwenye bampa na ubavuni, zulia jekundu ndani, namba 1.6 na baadaye 1.9 kwenye nguzo ya nyuma, basi. Mimi naihesabu kuwa hachibaki nzuri kuliko zote zilizowahi kuchorwa, na sababu kubwa ni wembamba wake: nguzo nyembamba, milango myembamba, boneti iliyo chini. Wembamba ule leo hauruhusiwi, na nitaueleza baadaye kidogo.

Makeke yaliingia kupitia barabara za vumbi, na hapa Kenya ina sehemu yake ya kweli. Baada ya msimu wa 1986 magari makali ya kundi B yalipigwa marufuku kwenye mbio za dunia za rali, na kundi A likawa ndilo daraja la juu. Kundi A lilidai kampuni itengeneze magari 5,000 ya kuuzia umma yanayofanana na lile la mbio. Kwa maneno mengine, chochote ambacho mhandisi wa mbio alikitaka kwenye bodi, raia naye alipaswa kukinunua. Lancia Delta, hachibaki nyingine ya Giugiaro iliyokuwa imetoka 1979 ikiwa gari la heshima la familia, ilivimba hatua kwa hatua. Madigadi yalitanuka ili tairi pana zipate nafasi. Boneti ilitobolewa ili joto la tabo (kifaa kinachoshindilia hewa ndani ya injini) litoke. Mwaka 1989, injini ilipopewa valvu 16, kichwa chake kilikuwa kirefu mno, boneti ikainuliwa kwa nundu. Ukiitazama leo Delta hiyo iliyovimba, iliyoitwa Integrale, unaona misuli. Aliyeitengeneza alikuwa anahangaika kutafuta nafasi na kupunguza joto.

Delta ilishinda Safari Rally mwaka 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion, na tena 1991 kwa Juha Kankkunen. Lancia ilitwaa ubingwa wa dunia wa makampuni miaka sita mfululizo, 1987 hadi 1992. Watu waliosimama kandokando ya njia wakati ule waliliona gari dogo la milango mitano, limevimba mabega, likipita kwenye vumbi na mawe kwa kasi isiyoaminika. Ukishaona hivyo, mabega yaliyovimba hayawezi tena kuwa pambo tu machoni pako. Yanakuwa ushahidi.

Escort RS Cosworth ya 1992, ya Ford, ilivaa bawa kubwa la nyuma. Mchoraji wake, Frank Stephenson, alitaka mabawa matatu yaliyopandana, wazo alilolitoa kwenye ndege ya kivita ya Fokker ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Wahasibu wakaliondoa la katikati, yakabaki mawili. Bado lilikuwa bawa la kweli, lililokandamiza mgongo wa gari kwenye mwendo mkali, na Ford ilipaswa kutengeneza magari 2,500 ili liruhusiwe mbioni, kwani kile kiwango cha 5,000 kilikuwa kimepunguzwa. Hebu fikiria: bawa lile liliendeshwa kwenda sokoni na shuleni kwa sababu tu kanuni za mbio zilisema hivyo.

Kisha ikaja adhabu. Uingereza, ambako magari haya yalipendwa kupita kiasi, vijana waliyaiba kwa ajili ya kuyakimbiza usiku, na makampuni ya bima yakapandisha ada hadi kijana wa kawaida asiweze kuimudu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hachibaki ya kasi yenye sura ya kasi ikawa mzigo. Matokeo yake yanaonekana kwenye Golf GTI ya kizazi cha nne, iliyotoka mwishoni mwa miaka hiyo: mstari mwekundu umetoweka, nembo ya GTI imebandikwa kwenye gari ambalo kwa mbali huwezi kulitofautisha na Golf yoyote. Utulivu ule haukutoka kwenye ladha njema. Ulitokana na woga, na gari lenyewe lilikuwa limelegea. Ndiyo maana simwambii mtu kwamba utulivu ni bora siku zote. GTI ya kizazi cha tano, mwaka 2004, ilipomrudishia mnunuzi grili nyeusi ya matundu ya sega la nyuki, mstari mwekundu na injini ya tabo yenye nguvu 200, ilipokelewa kwa furaha kwa sababu sura na mwendo vilikuwa vimekutana tena.

Subaru nayo ina somo lake, na hili utalikuta kila barabara ya Nairobi. Impreza WRX ina tundu kubwa juu ya boneti kwa sababu intakula yake, yaani kipozeo cha hewa inayotoka kwenye tabo, hukaa juu ya injini, imelala, na inahitaji hewa baridi iingie kutoka juu moja kwa moja. Mwaka 2007 Subaru waliigeuza Impreza kuwa hachibaki, tundu likabaki. Lakini tazama ni Impreza ngapi zisizo na tabo zilizobandikwa tundu la faiba juu ya boneti isiyotobolewa. Fungua boneti ya gari la namna hiyo, utakuta bati zima chini yake, na kwenye ukingo wa faiba kuna mstari wa gundi ya silikoni uliokusanya vumbi jekundu. Hapo ndipo pambo linapokufa. Si kwa sababu ni kubwa. Tundu moja tu la WRX lina kazi kubwa kuliko bampa nzima ya gari jingine. Linakufa kwa sababu haliendi popote.

Sasa tufike kwenye Civic, maana umeuliza juu yake na ndiyo mfano ulio wazi zaidi.

Type R ya kwanza, yaani toleo la kasi la Civic ya Honda, ya 1997, ilikuwa karibu na roho ya 205: bodi nyeupe, nembo nyekundu, siti nyekundu za Recaro. Weupe ule ulikuwa kumbukumbu ya gari la Honda lililoshinda mbio za Formula 1 za Mexico mwaka 1965, ushindi wao wa kwanza. Ile ya 2007 ilikuja na bodi ya mviringo na mabomba ya eksozi ya pembetatu. Ya 2015 ikavaa bawa. Ya 2017, inayojulikana kwa jina la FK8, ikapitiliza: bawa refu, meno juu ya paa, mabomba matatu katikati, rimu za inchi 20, na matundu kila kona ya bampa.

Watu wakaicheka. Mimi nadhani walicheka sehemu isiyo sahihi. Bawa lilifanya kazi. Yale meno madogo kwenye ukingo wa paa yalifanya kazi pia, na ni jambo zuri kulielewa. Hewa inapofika mwisho wa paa la hachibaki hukatika na kuvurugika, kwa sababu nyuma inashuka ghafla. Bawa likikaa ndani ya vurugu ile halipati hewa safi ya kukandamiza. Meno huizungusha hewa kidogo kabla haijaondoka paani, ikashikamana na kufika kwenye bawa ikiwa bado na nguvu. Bomba la katikati nalo lipo ili kutuliza mngurumo unaochosha masikio kwenye safari ndefu. Kilichokuwa kibaya ni yale matundu ya kona za bampa: kwa mbele sehemu kubwa iliyoonekana kuwa njia ya hewa ilikuwa imezibwa na plastiki, na kwa nyuma zile pembe nyeusi hazikupeleka hewa popote. Gari lililoonekana lina njaa ya hewa lilikuwa linakula kidogo. Na mwaka 2020, katika marekebisho ya katikati ya kizazi, Honda waliipanua nafasi ya grili kwa asilimia 13 na kubadilisha rejeta ili injini ipoe vizuri zaidi ikikimbizwa mbioni. Sidhani kuna ushahidi mkubwa zaidi wa hoja yangu kuliko huo.

Mrithi wake wa 2022, FL5, ndiye unayemwona ametulia. Mtazame kwa karibu. Mdomo wake una njia halisi za hewa. Tundu la boneti limegeuka kazi: sasa linatoa hewa moto iliyokwisha kupita kwenye rejeta. Nyuma ya magurudumu ya mbele kuna matundu yanayofyonza hewa iliyokwama kwenye madigadi. Bawa limebaki, jembamba zaidi, juu ya nguzo za aluminiamu. Na rimu zimepungua kutoka inchi 20 hadi 19, huku tairi zikipanuka kutoka milimita 245 hadi 265. Gari lililopoa sura lilikuwa limeongezewa mshiko. Mwaka 2023 lilizunguka njia nzima ya mbio ya Nürburgring, Ujerumani, kilomita 20.832, kwa dakika 7 na sekunde 44.881, rekodi ya magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele wakati huo.

Kwa hiyo Honda hawakuacha makeke kwa kuwa walichoka. Waliyachuja, wakabaki na yenye kazi. Pia mnunuzi alikuwa amebadilika. Vijana wengi wa Ulaya wamehamia kwenye magari yaliyoinuka, na hachibaki ndogo zinafutwa moja baada ya nyingine. Ford waliacha kutengeneza Fiesta Julai 2023. Anayebaki kununua hachibaki ya kasi mpya, kwa bei zake za leo, mara nyingi ni mtu mzima anayeikumbuka 205 ya ujana wake. Mtu huyo ataegesha gari ofisini. Toyota GR Yaris ya 2020 iliwalenga watu wa aina hiyo: milango mitatu, paa lililoshushwa kwa nyuma ili hewa ifike vizuri kwenye spoila (kibawa kifupi cha nyuma), madigadi yaliyovimba kwa sababu mhimili wa nyuma ni mpana kweli. Hakuna kitu pale kilichobandikwa.

Niliahidi kurudi kwenye wembamba. Golf ya kwanza ilikuwa na urefu wa mita 3.7 hivi. Yako inakaribia mita 4.27, na upana wake ni kama mita 1.8. Tangu 2005 Ulaya inataka boneti ya gari jipya impunguzie madhara mtembea kwa miguu aliyegongwa, na njia rahisi ni kuacha nafasi kati ya bati la boneti na injini, kwa hiyo pua zimepanda. Milango imenenepa kwa ajili ya kumlinda abiria akigongwa ubavuni. Mchoraji akishapewa bodi nene namna hiyo, ana njia mbili: aikate kwa mikunjo mingi, plastiki nyeusi na matundu ya uongo ili jicho lisione unene, au apime uwiano kwa subira hadi unene utulie. Bodi nene pia ndiyo inayodai rimu kubwa, maana magurudumu madogo hupotea chini yake. Sehemu kubwa ya makeke ya miaka ya 2010 ilikuwa juhudi ya kuficha unene. Walioichora Golf ya kizazi cha saba walichagua subira: ule mstari mmoja ulionyooka ubavuni, na nguzo pana ya nyuma inayoegemea gurudumu. Fundi wako akiongeza bampa ya faiba anavuruga hesabu hiyo, na hakuna rangi itakayoirudisha.

Magari ya umeme yameanza sura mpya ya habari hii, na nayatazama kwa wasiwasi kidogo. Hayahitaji hewa nyingi kiasi kile, kwa hiyo matundu yanakosa kazi. Renault 5 mpya ya 2024 imeweka kionyesha-chaji juu ya boneti, palepale ambapo Renault 5 ya zamani ilikuwa na tundu lake la hewa. Hiyo ninaikubali: nafasi ya zamani imepewa kazi mpya.

Turudi kwenye gari lako. Nguvu ya bawa hupanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa inaongezeka mara nne, ukitoka 100 hadi 200 mara nne tena. Kwa hiyo kwenye kilomita 110, ambayo ndiyo mwisho wa sheria kwenye barabara kuu za Kenya, bawa lililobuniwa kwa ajili ya mbio linatoa chini ya theluthi ya kile linachotoa kwenye 200. Na hilo ni bawa lililopimwa. La faiba lililokisiwa kwa macho linaweza kukupa uzito na upinzani wa hewa tu. Spoila fupi iliyo juu ya kioo chako cha nyuma imepimwa kiwandani, iache.

Kuhusu bampa, kama moyo bado unaipenda, fanya jaribio hili kabla ya kutoa pesa. Chukua tochi, ingiza mwanga kwenye kila tundu, na mwambie fundi akuonyeshe hewa ikitoka hapo inafika kwenye kitu gani: rejeta, intakula, breki. Likiwa halifiki popote, hilo ni tundu la kukusanya matope. Na kuhusu boneti, injini yako haina intakula ya juu kama ya Subaru. Ukiitoboa utaikaribisha mvua ya masika juu ya nyaya.

Rimu ndizo zinazoniogopesha zaidi. Tairi ya 225/45 kwenye inchi 17 ina ubavu wa milimita 101. Ya 225/40 kwenye inchi 18 ina 90. Ya 225/35 kwenye inchi 19 inakuachia 79. Zile milimita 22 unazopoteza ndizo zilizokuwa zinapokea shimo kabla ya rimu. Kama gari lako lina 17, baki nazo. Kama lina 18 na unaendesha sana barabara mbovu, kushuka hadi 17 ni uamuzi wa busara, na kwenye GTI nyeupe rimu ndogo safi zenye tairi nene kidogo hupendeza kuliko watu wanavyodhani.

Pesa iliyobaki nunua tairi nne nzuri za aina moja, ubadilishe mafuta ya breki, na umtafute fundi wa rangi aondoe mikwaruzo ya mawe kwenye pua. Ukifanya badiliko lolote la bodi au rimu, lijulishe shirika lako la bima kwa maandishi kabla gari halijatoka gereji.